Tupeane uzoefu: eta de sieje (utawala wa kijeshi), wewe raia ilikukuta wapi?

Mtoto wa Majengo (Goma)

Jambo sana wapendwa. Hii maneno imenikaa mu roho siku mingi, leo niifungule. Munakumbuka tarehe 6 mwezi wa tano 2021, eta de sieje inaanza huku kwetu Nord-Kivu na kule Ituri, mashariki ya Kongo, gavana raia anatoka, jenerali anaingia, naibu wake mupolisi, mpaka ku komini wakaweka wenye nyota ku bega. Walisema ni ya kumaliza wauaji, ADF (waasi wenye asili ya Uganda) kule Beni na magrupe zingine za bunduki za mu pori. Mimi nilifurahi, nisiwadanganye, siku ile tulipigaka hata miluzi.

Sasa nauliza raia wa kawaida, ilikukuta wapi? Leta yako mwenyewe, si ya kusikia kwa jirani. Usitaje ofisi, usitaje jina la mutu. Na ya kisha mwezi wa kwanza 2025, muji ilipobadilisha wenye kuitawala, tuiache kabisa, kila mutu anajua anaishi na nani na ukuta iko na masikio.

Naanza. Ilikuwa 2022, natoka Sake kusalimia nyanya, niko ku moto (pikipiki), tunafika ku barieri moja (kizuizi cha barabara). Karte ya elekta (kadi ya kura, njo kitambulisho yetu) niko nayo, nikatoa. Afande anasema simu. Nikatoa. Anasema fungula WhatsApp. Nikafungula, nilikuwa na haki gani ya kukatala nikiwa nimesimama mu mvua na motari ananiangalia kama vile mimi njo nimemucheleweshea. Anashuka anashuka anapata video moja, wanaume mu msitu wanashika bunduki, wanaimba. Ile video walitumaka mu grupe ya wenye tulisoma nao sekondari, inaingia yenyewe mu simu, mimi hata sijaitazama. Ananiuliza hii ilitoka wapi. Nikasema shefu, ni ya mu grupe.

Eeh. Mutu wa Kivu akisikia grupe anasikia nini? Aliita mwenzake: "Kuya usikie, huyu anakubali mwenyewe asema iko mu grupe."

Usiku sita. Wanatosha mukaba (mkanda), wanatosha kamba za viatu, unaingia kule ndani kapita wa wafungwa anakuomba pesa ya mushumaa, na mushumaa hakuna. Mama yangu alikuwa analeta fufu (ugali) na sombe (kisamvu) kila siku, yule wa ku mulango anachukua kijiti, kijiti kilekile anachotumia kwa chakula ya kila mutu, anachoma fufu mara tatu ine aone kama hakuna kitu ndani, kisha anaomba ya kwake. Nilikulaka fufu yenye matundu siku sita. Mpaka leo mama akipika fufu naiangalia kwanza.

Na kitu yenye sikuelewaka, siku mbili za kwanza hakuna mutu aliandika jina yangu. Siku ya tatu njo wananiita, wanaandika, na tarehe ya kuingia wakaandika ya ile siku. Nikasema shefu mimi niko hapa tangu juzi. Akasema uko hapa tangu nimekuandika.

Nilitoka na dolari 70, bila resi (risiti).

Mwalimu wa Katindo

Ndugu yangu, hilo la tarehe si uzembe. Katiba yetu ibara ya 18 inasema mtu akikamatwa aambiwe papo hapo sababu, na kumweka ndani bila kumpeleka mbele ya mwenye mamlaka kusipite saa 48. Sasa saa zinaanza kuhesabiwa wapi? Kwenye daftari. Ukiandikwa siku ya tatu, basi kwa karatasi umelala usiku nne tu, siyo sita, na hata hizo nne zimepita kipimo.

Yangu ni ya mtoto wa dada yangu. Yeye alikuwa ndani kabla ya eta de sieje kuanza, kesi ya ugomvi wa baa, mtu alivunjwa jino. Alikuwa amepangiwa siku ya kufika mbele ya hakimu, sisi tumeshatafuta hata shati ya kumvalisha. Ikatangazwa kwamba kesi zote za jinai za raia zinatoka kwa mahakimu wa kawaida zinaenda mahakama za kijeshi. Katiba inaruhusu hiyo, ibara ya 156, rais anaweza. Lakini hakuna aliyetuambia faili linahamaje. Nikienda huku naambiwa limeshatoka. Nikienda kule naambiwa halijafika. Miezi tisa faili liko njiani kati ya nyumba mbili ambazo kwa mguu ni dakika kumi na tano, na kijana analala kwa zamu kwa sababu nafasi ya kulala chini haitoshi wote.

Ile shati mdogo wake aliivaa Noeli.

Mama Makala

Mie siko mutu wa kuandika, mutoto njo ananiandikia. Naliuzisha makala (mkaa) tangu mlima ya moto Nyiragongo ilipasuka 2002. Kuna mwanamuke nilimukopesha makala ya dolari 300, akakawia kulipa, nikaenda kwake mara ine, mara ya tano nikapaza sauti, nikamuita mwizi mbele ya majirani, nakubali hiyo nilikosea. Kesho yake wananiletea invitasio (barua ya kuitwa), naangalia muhuri, ni ya majeshi. Nikauliza jamani mie nimefanya vita na nani?

Nikafika, njo nasikia yeye amenishitaki mie asema nilimutukana na kumupiga, kumupiga sikumupiga. Na kama ni mambo ya jinai inaenda kwao. Tukakaa ku benchi moja na vijana wamefungwa kamba, wanasema hao ni ba maimai (wanamgambo) wametoka Masisi, na mie niko na kitenge yangu na kitunga. Afande wa kwanza alikuwa muzuri, aliniita mama, akasema mama hii deni yako haiko kazi yetu. Wa pili akasema kama unataka tukusaidie kumulipisha yule mwanamuke inawezekana, unaacha kidogo. Unaona? Niliingia mushitakiwa, saa saba nikaambiwa naweza kutoka na nguvu ya kumufunga mwenzangu.

Nilikatala. Si kwa sababu niko mutakatifu, sikukuwa na ile kidogo.

Mwalimu wa Katindo

Mama, ulifanya vema, na hata ungekubali ingekuwa haramu mara mbili. Ibara ya 61 ya Katiba inataja vitu ambavyo hata eta de sieje haiwezi kugusa: haki ya kuishi, kutoteswa, haki ya kujitetea na ya kukata rufaa, uhuru wa dhamiri na dini, na mojawapo ni kwamba mtu hafungwi kwa deni. Ipo, imeandikwa.

Kijana wa Mbau

Nawasoma nawasoma. Nyinyi munalia juu ya simu na makala. Mimi natoka Beni teritware, mujomba wangu walimukata na panga ku shamba ya kakao, tulimutambua na buti. Kabla ya eta de sieje muji mzima wa Beni watoto wa shule walilala ku meri (ofisi ya muji) wakiomba serikali ifanye kitu, munakumbuka, mwezi wa ine 2021. Sasa serikali ikafanya kitu, munasema inawasumbua ku barieri. Kama kupekuliwa simu inaweza kuokoa mutu moja ku Mbau, wapekue yangu kila siku.

Mtoto wa Majengo (Goma)

Pole sana kaka, ya kweli kabisa. Swali moja tu na sikuulizi kwa ubaya, kisha eta de sieje wale wa panga walipunguka huko kwenu?

Kijana wa Mbau

Hapana. Wamehama tu, mara huku mara Ituri. Mwezi wa 11, 2021 wakaleta na majeshi ya Uganda, mabomu yakalia, sisi tukapiga makofi tena, na watu wakaendelea kuuliwa. Na nitakupa ya yangu kwa vile umeomba ya mwenyewe. 2022 tulitaka kufanya matembezi, tuulize kwa nini tunazidi kufa na jeshi iko inatawala. Tuliandika barua kama vile sheria inaomba. Wakasema matembezi hakuna, ni eta de sieje. Tukatoka hata hivyo, tulikuwa kama thelathini na msalaba moja ya mbao. Mimi nilikimbia. Wenye hawakukimbia walikaa ndani wiki mbili. Kwa hiyo ndiyo, nakubali, wauaji hatukuwaona wakifungwa na wenye kulia tuliwaona. Lakini musiseme usalama haina maana, hiyo neno inaniuma.

Kofia mfukoni (Bukavu)

Asalam aleikum na jambo kwa wote. Sisi Bukavu eta de sieje haikufika, Sud-Kivu haikuwemo, lakini ukipanda bato (meli) toka Goma inakuya na wewe mpaka ku bandari. Mimi ni muislamu wa kuzaliwa, babu yangu wa Kasongo. Tangu walipoanza kusema ADF ni ba Islamic State, 2021 Wamarekani wakawaandika ku listi yao ya magaidi, ndevu zangu zikakuwa kesi.

Ramadhani moja nilitoka Goma na karto ya tende ya musikiti. Ku mulango wa bandari: jina? Nikataja. Akarudilia jina polepole, unajua ile namna ya kurudilia. Fungula karto. Nikafungula. Akachukua tende moja akaipasua na kidole atazame mu mbegu. Wapendwa, mu mbegu ya tende! Akapasua ingine. Mwenzake akakuya akapasua akaweka mu kinywa, akasema hii haina kitu. Walijaribu nafikiri nusu kilo hivi, wakihakikisha. Watu wa bato wanacheka, na mie nikacheka juu ukikasirika inakuwa mbaya.

Kenye kilifanya nisicheke ni swali ya mwisho, "wenzako wako wapi?" Wenzangu gani? Mwezi wa tano 2021, Sheikh Ali Amini alipigwa risasi ndani ya musikiti kule Beni, alikuwa anasema waziwazi juu ya hawa wauaji. Sisi njo wa kwanza wa kufa na wa kwanza wa kuulizwa. Tangu siku ile kofia naiweka mfukoni mpaka nifike ku musikiti. Baba yangu aliniona akasema kitu moja tu, mimi wakati wa Mobutu nilivaa yangu.

Lushois wa damu

Bana Goma, polenyi. Kwetu Lubum (Lubumbashi) hakukuwaka eta de sieje, lakini kuko mambo yangu. Mie nilisomeaka kule Goma miaka mitatu, narudia nyumbani Kenia (komini ya huku, hapana inchi ya Kenya), karte yangu ya elekta iliandikiwa Goma. Kila mara nakutana na balinzi ba usiku banasema "we unatoka kule, uko infiltre (mutu wa adui amejificha)." Mie! Namuongelesha Kiswahili ya Lubumbashi, namutajia kwetu, mama yangu, soko, anasema infiltre anajifunzaka vizuri. Njo napigia mama simu saa tano ya usiku, mama anamutukana vizuri mpaka bananiachilia.

Mwalimu wa Katindo

😂 Mama ndiye mwanasheria pekee wa bure.

Jambo lingine dogo. Hii kitu ilianza kwa siku 30, kisha bunge likawa linapiga kura kuirefusha kila siku 15. Mimi nilikuwa naandika ubaoni pembeni kila ikirefushwa, ya tatu, ya nne, wanafunzi wa hesabu wanazidisha kwa 15. Ilipopita ishirini mkuu wa shule aliniomba nifute, na sikumuuliza sababu.

Jirani wa Virunga

Nitaandika fupi. Tarehe 30 mwezi wa nane 2023. Wale wa kanisa moja ya hapa Goma walitaka kuandamana kupinga MONUSCO (majeshi ya UN) na majeshi ya EAC (Afrika Mashariki). Sikuwa kule, siko na uzoefu, niko na sauti tu. Alfajiri, nikadhani ni mvua ya mawe ku manjanja (mabati). Bibi yangu akasema hiyo si mvua. Serikali ilisema watu 43 walikufa, kisha ikaongezeka. Mwezi wa kumi mahakama ya kijeshi ikamukatia koloneli moja hukumu ya kufa. Kumbe ile mahakama ikitaka inaenda mbio sana, mwezi moja na siku mbili, Mwalimu mpelekee mutoto wa dada yako hiyo habari.

Tangu ile asubuhi natembea na simu mbili. Kubwa iko nyumbani mu gunia ya mchele, ka kidogo ka butoni njo ninabeba. Hakana WhatsApp, hakana picha, kako na namba kumi na moja na tochi. Ku barieri wanakaangalia wanakarudisha bila kuuliza.

Mtoto wa Majengo (Goma)

Jirani hiyo ya simu mbili tunafanyaka wengi, mimi pale ku tabli yangu ya kuuzisha simu vile vya butoni njo vilikuwa vinauzika kuliko kava. Biashara njo hiyo.

Mama Makala, na yule mwanamuke wa 300?

Mama Makala

Alinilipaka 120. Tunaonana ku kanisa, ananiambia ingine inakuya. Na wewe simu yako walirudisha?

Mtoto wa Majengo (Goma)

Simu walirudisha. Mukaba hapana.