Wakuu, wa kofia ya manyoya kanizibia dirisha PALE PALE darajani Kanoh!

BintiKorogwe:

Wakuu salaam, ila leo hata salaam naitoa nikiwa nimevimba. Nimeteremka stesheni ya Shimla, huku India, sasa hivi, vidole vinatetemeka, na si kwa baridi peke yake.

Simtaji jina. Ya nini? Kila aliyesoma Chandigarh au Punjab yote anamjua. Wa kofia ya manyoya. Yule ambaye kila safari anafika wa mwisho halafu ndiye wa kwanza kuuliza "siti yangu ipo wapi?"

Jamani, KANIZIBIA DIRISHA DARAJANI.

Ngoja nianze vizuri. Mimi ni mtoto wa reli. Baba yangu kafanya kazi ya ufundi Korogwe miaka 26, na nilipomwambia naenda kupanda kile kitreni cha milimani cha Kalka hadi Shimla, hakulala. Kilomita 96, reli ya milimita 762 tu, nyembamba kuliko hata ile yake ya mita moja. Ilifunguliwa 1903, na tangu 2008 ipo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO. Mzee akaniomba kitu kimoja tu: "Mwanangu, nipigie video kichwa cha treni kikiwa kwenye kona ya daraja, nikisikie kinavyovuta mlima." Kitu kimoja!

Nikakata tiketi wiki tatu kabla. Siti ya dirishani. Usiku sikulala, tulikuwa Kalka kabla ya jua, kichwa cha dizeli kinanguruma pale, moshi unapanda taratibu, nikakishika ubavuni kwa kiganja nikasikia kinatetemeka mpaka kwenye kiwiko. Machozi yalinilenga, sioni aibu kusema.

Safari ikaanza vizuri. Treni inajikunja milimani kama nyoka aliyeshiba, ukichungulia nje unaona kichwa cha treni yako mwenyewe kinakuja ubavuni. Handaki baada ya handaki, watoto wanapiga mayowe kila giza likiingia. Handaki la Barog peke yake ni mita 1,143, karibu dakika tatu humuoni hata jirani yako. Tukatoka gizani, treni ikasimama stesheni, nikashuka kununua chai na katlesi. Za watu wote. Watu kumi na wawili! Narudi na mikono imejaa, nakuta kofia ya manyoya kwenye siti yangu, na mwenyewe chini yake.

Nikanyamaza. Nikasema sisi ni ndugu ugenini, atanyanyuka. Solan ikapita. Kandaghat ikapita. Hajanyanyuka. Nikamwambia kwa heshima, "Kaka, likikaribia lile daraja la Kanoh naomba nafasi, nampigia mzee video." Akaitikia kwa kichwa. Aliitikia, jamani, mashahidi wapo!

Tukafika Kanoh. Daraja namba 541, ngazi nne za matao ya mawe, matao 34, treni inakata kona juu yake. Nimesimama, simu mkononi, tayari. Huyu mtu akainuka, akatoa kichwa, mabega na nusu ya kifua dirishani, mgongo mpana kama mlango wa ghala la mkonge, akageuza simu AKAJIPIGA MWENYEWE. Usoni! Bonde lote lile, matao yote yale, yeye anapiga pua yake! Nikamgusa bega. Unajua alinijibu nini?

"Subiri kidogo dada, mwanga umenikubali."

Mwanga umenikubali!! Reli ina zaidi ya miaka 120, watu wamepasua milima hii kwa mikono, na mimi naambiwa nisubiri MWANGA UMKUBALI. Daraja halina urefu wa kusubiri mtu! Alipotoa kichwa ndani tulishaingia kwenye miti.

Video niliyonayo ina sekunde 19. Sauti ya injini ipo, safi kabisa, inavuta. Picha yote ni manyoya na sikio moja. Nimemtumia baba hivyo hivyo kwa sababu anasubiri tangu alfajiri. Kajibu: "Sauti nimeisikia, Mungu akubariki. Ila huyu ni mnyama gani wa huko?"

Nimelia chooni kwenye stesheni. Mwanga umenikubali!

---

MzeeWaNguzo: Nimesoma hadi mwisho, kosa nimeliona moja tu: uliacha siti ya dirishani ukafuata katlesi. Siti ya dirishani haiachwi, dada. Hata nyumba ikiungua unaungua nayo umekaa.

BintiKorogwe: Katlesi nilizifuata kwa ajili ya kundi zima! Na mbili kala YEYE, kwenye siti YANGU, makombo kaniachia mimi!

Ludhiana_Boi: Huyo huyo wa kofia ana rupia 600 zangu tangu Diwali. Nikimpigia anasema yupo handakini. Mwezi mzima mtu yupo handakini!

Shangazi_Jalandhar: Kumbe hujui alichofanya kwenye harusi ya Patiala? Kwenye picha zote za maharusi katikati kuna kofia. Bibi harusi hadi leo hajui kama aliolewa na mume au na manyoya.

KijanaMpole22: Uzi mrefu hivi kwa ajili ya dirisha? Behewa lina madirisha pande mbili, ungehamia upande wa pili.

BintiKorogwe: Upande wa pili ni ukuta wa mlima, ndugu yangu! Nipige video ya majani? Mzee aliomba daraja!

FundiMitambo: Dada pole. Hicho kichwa kwa maelezo yako ni ZDM-3, nguvu farasi 700, mpando wenyewe ni mita moja kwa kila 33. Ndiyo maana sauti inakuwa nzito vile pale Kanoh. Mzee wako kama ni fundi kaielewa vizuri sana hiyo sauti. Ila umesema handaki baada ya handaki, uweke na idadi basi, yapo 102.

Mkweli_Daima: Yapo 103. Nimeliona kwa macho yangu la mwisho kabla ya Shimla, limeandikwa 103.

FundiMitambo: Namba ni 103, mahandaki yanayotumika ni 102. Moja lilishaondoka, namba hazikubadilishwa.

Mkweli_Daima: Mkuu wewe umesoma, mimi nimepita. Tofauti hapo.

FundiMitambo: Ulipita ukiwa umelala, hata hapa ulituambia mwenyewe.

Chai_ya_Rangi: Mkiwa mnabishana mahandaki, huyo mhandisi Barog mwenyewe wanasema alichimba kutoka pande mbili, mashimo hayakukutana, serikali ikampiga faini ya rupia moja. Sasa tukae kama baraza: huyu wa kofia tumpige ngapi?

Ludhiana_Boi: 600. Na ziletwe kwangu.

Mnyalu_Makambako: Mimi nashangaa watu kupanda ndege kwenda kulilia milima ya watu. Kati ya Mlimba na Makambako TAZARA inapita mahandaki 18, madaraja usiseme, miteremko ambayo ukichungulia unakumbuka dhambi zako. Nyumbani! Njooni mkae dirishani hadi mchoke.

Shangazi_Jalandhar: Mkuu pale nimepita mara tatu, mara zote usiku wa manane. Nilichoona ni sura yangu kwenye kioo.

Mnyalu_Makambako: Basi mwanga ulikukubali.

BintiKorogwe: Naomba msilitumie hilo neno kwenye uzi wangu. Bado linaniuma.

MtuWaKigamboni: Nyie mnalia dirisha. Mimi mwaka jana Dar hadi Mwanza kwa basi, siti ya dirishani nimelipia, nakuta mama kakaa na ndoo ya sato wa kukaanga mapajani. Namwambia mama hiyo siti yangu, ananiambia "mwanangu, samaki wanataka hewa."

KijanaMpole22: 😂😂😂 Samaki wanataka hewa! Wa kukaanga?

MzeeWaNguzo: Subiri kwanza. Sato kutoka Dar kwenda Mwanza? Huyo alikuwa anarudisha samaki ziwani?

MtuWaKigamboni: Hilo ndilo swali nililokaa nalo kutoka Morogoro hadi Singida. Sikuthubutu kuuliza.

Chai_ya_Rangi: Watakuwa vibua, sato asingefika na hali hiyo.

MtuWaKigamboni: Nimezaliwa ufukweni, kibua namjua. Wale walikuwa sato.

BintiKorogwe: Jamani turudi kwenye mada. Kuna yeyote kwenye lile behewa aliyepiga daraja? Nataka hata sekunde tano nimtumie baba. Nitanunua bando mimi.

Mkweli_Daima: Mimi ninayo video ya handaki namba 103, kibao kinasomeka vizuri, ukitaka.

FundiMitambo: Iweke hapa tuone kama hukulala.

Shangazi_Jalandhar: Na yule mama mwenye ndoo alishuka wapi?

MtuWaKigamboni: Nzega. Akaniachia mkia mmoja kwenye gazeti, akasema pole kwa safari.