Kocha wetu: abaki, timu tumpe msaidizi wake, au tutafute mwingine?

Kiungo Mkabaji, Bwaise

Wapenzi wa timu, salamu. Jumamosi nimerudi nyumbani kwa miguu. Nauli ya boda nilikuwa nayo, ila sikutaka kuzungumza na mtu. Hii ni mechi ya tisa hatujashinda.

Kufungwa kunaniuma lakini nimekuzoea. Kilichonichoma safari hii ni yule kijana wetu beki wa kulia. Mimi husimama nyuma ya goli, kwa hiyo nilimwona kwa karibu. Alianza kupasha misuli dakika ya 55, kwa sababu beki anayeanza alikuwa anachechemea tangu mapumziko na uwanja mzima unaona. Dakika ya 67 wakafunga la kwanza, mpira umepita upande huo huo. Kijana akaitwa. Akavua kizibao, akafunga kamba za viatu, akasimama kando ya mwamuzi wa akiba. Kocha akamwambia kitu, kijana akarudi nyuma ya goli, akakivaa kizibao tena. Hakulalamika, alitazama chini tu. Dakika ya 79 la pili, upande ule ule. Aliingia dakika ya 88.

Jina la kocha siandiki. Sote tunamjua, na ana watoto wanaosoma shule na watoto wetu. Lakini swali lazima tuliulize, maana katika timu 16 sisi ni wa 14, na wanaoshuka ni watatu.

Kumwacha mpaka msimu uishe ni rahisi kwa mfuko, hakuna fidia ya kulipa, ila mechi tisa zinasema vya kutosha. Kuleta kocha wa nje katikati ya msimu mimi sikuafiki. Atatumia mwezi mzima kujifunza majina ya wachezaji na barabara ya kwenda Mbarara. Kuna kutafuta mzoefu wa hapa nyumbani aliye huru, na kuna kumpa timu kocha msaidizi.

Mimi nipo kwa msaidizi. Tazameni klabu ya Vipers msimu wa 2022/23. Kocha wao Robertinho aliwatoa TP Mazembe kwa penalti, akawaingiza makundi ya Ligi ya Mabingwa, kisha Januari 2023 akaenda Simba. Wakamleta Beto Bianchi, hakudumu hata miezi mitatu. Timu akapewa Alex Isabirye, Mganda, akachukua ligi na Kombe la Uganda kwa pamoja. Mtu wa ndani ndiye aliyeokoa jahazi. Nanyi mnasemaje?

Dereva wa Malaba

Aondoke leo. Nimesimamisha lori Lukaya nisikilize redio, nikazima kabla mpira haujaisha. Sijawahi kuizima redio kwa ajili ya timu hii.

Afande Mstaafu, Bombo

Wanangu, subirini kwanza. Mimi nilikuwepo uwanja wa Namboole Oktoba 2011, siku timu ya taifa ilipotakiwa iifunge Kenya twende AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, ikawa suluhu. Watu wazima walilia. Kila mtu alimtaka kocha Bobby Williamson afungashe virago usiku ule. Akaachwa. Mwaka uliofuata tukaibana Zambia, mabingwa wa Afrika wakati huo, wakatutoa kwa penalti hapo hapo Namboole. Na vikombe vya CECAFA, vya Afrika Mashariki na Kati, alituletea vinne huyo mzee.

Alipoondolewa 2013 akaja Micho. Mmesahau kwamba naye hakufika AFCON ya 2015? Angefutwa wakati ule, nani angetupeleka Gabon 2017, baada ya miaka 39 ya kutazama wenzetu? Timu haijengwi kwa hasira. Kikosi kikikosa nidhamu unakirudisha mazoezini, humbadilishi kamanda kila vita vikichacha.

Kiungo Mkabaji, Bwaise

Mzee wangu, shikamoo. Nakuheshimu na Namboole ya 2011 nami naikumbuka, nilikuwa na baba. Ila timu ya taifa ina mechi chache kwa mwaka, ikikosa AFCON moja inaingia kufuzu nyingine. Klabu ikishuka daraja, wachezaji wazuri wanaondoka wiki ile ile na wadhamini wanafuata. Muda ule aliopewa Micho sisi hatuna.

Winga wa Arua

Mbona hamsemi habari ya mshambuliaji? Dirisha la usajili la Januari waliuza mfungaji wetu wa pekee, hawakuleta mtu. Mlete kocha yeyote mnayemtaka, nani atafunga?

Mama Karanga, getini

Mimi nimeuza karanga pale getini miaka kumi na moja. Zamani siku ya mechi nilikuwa namaliza beseni tatu kabla ya mapumziko. Juzi nimerudi na beseni moja na nusu, nimewagawia watoto wa jirani.

Sina elimu ya mpira, ya kocha mtaamua ninyi. Nasema jambo moja tu. Jumamosi baada ya mechi vijana walilirushia gari lake chupa za maji. Ndani mlikuwa na mwanawe wa kike, nimemwona kwa macho yangu, amejifunika uso na begi la shule. Wanangu, hilo si ushabiki. Na tukifungiwa tukaambiwa timu ichezee uwanja mtupu, mimi nitamuuzia nani? Yule kijana wa kofia nyekundu anajijua, na mama yake ananijua.

Kiungo Mkabaji, Bwaise

Mama, pole sana. Hilo sikuliona, nilikuwa nimeshaondoka. Tutaongea na vijana wa jukwaa la kushoto.

Mwalimu, Jinja

Ndugu Kiungo, mfano wako ni mzuri lakini umeuelekeza siko. Isabirye hakuwa msaidizi wa Bianchi. Alitoka nje ya Vipers. Alikuwa mzoefu wa ligi yetu, kocha aliyeijua kila timu na kila uwanja wenye matope. Kwa hiyo Vipers inatetea ile njia uliyoigusa ukapita, ya kutafuta mzoefu wa hapa nyumbani. Haimtetei msaidizi.

Mfano wa karibu zaidi ni CHAN ya Agosti 2025, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani. Cranes, timu yetu ya taifa, waliongozwa na Waganda, Morley Byekwaso na wenzake. Mechi ya kwanza Algeria wakatufunga tatu bila, nyumbani. Nakumbuka matusi ya usiku ule. Kisha wakaifunga Guinea tatu bila, wakaifunga Niger mbili, wakatoka sare ya 3-3 na Afrika Kusini, wakafika robo fainali kwa mara ya kwanza katika historia yetu ya CHAN. Senegal ndio waliotutoa, moja bila. Kocha anayewajua wachezaji wa ligi hii hahitaji mwezi wa kujifunza.

Kuhusu wa nje sisemi hawafai. Klabu ya Villa walikaa miaka 20 bila ubingwa wa ligi, na aliyewarudishia 2024 ni Mserbia, Dušan Stojanović. Ila kuna jambo mashabiki hatulitazami: mkataba. Kocha wa kigeni ukimfuta kazi usimlipe, anaweza kukupeleka FIFA. Akishinda, klabu hupewa siku 45 za kulipa, na ikishindwa inazuiwa kusajili, marufuku inayoweza kufika madirisha matatu mfululizo. Timu yetu haina mfungaji, kama Winga alivyosema. Tukikosa na ruhusa ya kusajili, tumekwisha.

Dereva wa Malaba

Mwalimu, huyo mzoefu ni nani? Wazuri wote wana kazi. Aliye huru mwezi Februari, mara nyingi kuna sababu yuko huru.

Mwalimu, Jinja

Hapo umenibana, kaka. Ila wapo waliofutwa kwa makosa ya viongozi. Kufutwa kazi katika ligi yetu si ushahidi kwamba mtu hajui.

Beki Tatu, Kawempe

Nimesoma yote, sasa niseme kama mtu aliyewahi kukaa ndani. Nilicheza Big League, ligi ya daraja la pili, misimu sita, nikabadilishiwa makocha watano.

Kocha mpya anapoingia, wiki mbili za kwanza kila mtu anakimbia. Aliyekuwa benchi anajua daftari limefutwa, aliyekuwa anaanza anaogopa. Mazoezi yanakuwa makali, watu wanateleza kwenye miguu ya wenzao. Hapo mnaweza kushinda mechi moja au mbili, mashabiki wakaimba. Baadaye mwili unadai haki yake. Timu yetu inachoka dakika ya 60, na pumzi hutengenezwa kabla ya msimu kuanza, kule kwenye kukimbia vilima asubuhi na mapema. Hakuna kocha, wa ndani au wa nje, atakayeiingiza pumzi hiyo mwezi Machi huku mnacheza kila siku ya nne. Hilo mlijue kabla hamjamtarajia mtu awe malaika.

Na kubadilisha kwa hofu kuna hatari yake. Machi 2021 Cranes walibakiza mechi mbili kwenda AFCON. Kocha McKinstry akawekwa kando, timu wakapewa makocha wa muda. Suluhu na Burkina Faso, halafu Blantyre tulihitaji sare tu. Malawi wakatufunga moja. Sisemi McKinstry angeshinda. Nasema wachezaji waliingia uwanjani na sauti mpya masikioni katika mechi ambayo haikuwa na nafasi ya kujifunza.

Lakini sitamtetea huyu wetu, na sababu yangu ni ile ile ya kizibao. Timu inayochoka dakika ya 60 dawa yake iko benchi. Kanuni zinakupa wachezaji watano wa akiba, uwaingize kwa kusimamisha mchezo mara tatu, na mapumziko hayahesabiwi. Watano! Ni nusu ya wachezaji wako wa ndani. Kocha mwenye kikosi chenye pumzi fupi angekuwa wa kwanza kuzitumia zote. Huyu anaingiza wawili, tena mpira umeshaisha. Najua anachoogopa. Anaona kijana wa miaka 19 akikosea, lawama ni zake. Mkongwe akikosea, lawama ni za mkongwe. Nimechezea kocha wa namna hiyo. Vijana huacha kupasha misuli kwa moyo, wanajinyoosha tu kutimiza wajibu. Mtu akiingia dakika ya 88 na mwili wa baridi, anaumia.

Kwa hiyo mimi naulizia kitu kimoja kwa yeyote atakayekuja: je, ana ujasiri wa kufanya mabadiliko dakika ya 50? Msaidizi akiwa nao, apewe. Kama yeye ndiye anayemnong'oneza huyu asubiri, basi tumebadilisha kiti tu.

Afande Mstaafu, Bombo

Beki Tatu, hapo umenigusa. Jambo la kizibao nilidhani ni la siku moja. Kama ni kila mechi, siwezi kulitetea. Askari ukimweka tayari ukamrudisha, ukamweka tayari ukamrudisha, siku utakayomhitaji hayupo.

Bado nashikilia kwamba aitwe kwanza, aulizwe uso kwa uso, apewe mechi mbili. Mtu haachishwi kazi kwa kelele za getini.

Winga wa Arua

Mechi mbili mzee ni pointi sita. Tumeachwa pointi nne na aliye salama.

Mama Karanga, getini

Na yule msaidizi ni mtu wa kusalimia. Hupita getini saa sita mchana, kabla ya wote, husimama na wale watoto wa akademi, anawaita kwa majina.

Kiungo Mkabaji, Bwaise

Nimekaa na maneno yenu tangu jana. Mwalimu, nakubali, Isabirye nilimtumia vibaya. Nilikuwa nataka jibu niliokote mfano. Na Beki Tatu amenionyesha kwamba nilikuwa nauliza nani, badala ya kuuliza atafanya nini.

Msimamo wangu wa sasa: huyu wetu asipewe mechi mbili. Mzee wangu, unisamehe, hilo sikubaliani nawe. Aitwe, aambiwe kwa heshima, alipwe haki yake yote ili asiondoke na kinyongo wala kesi. Msaidizi ashike timu mechi mbili zile unazozisema wewe, tumtazame anavyolitumia benchi. Wakati huo viongozi wazungumze na mzoefu aliye huru, wasisubiri tufungwe ndipo waanze kupiga simu. Wa nje tusimguse mpaka msimu mpya, akija aje na muda wa kukimbiza watu vilimani.

Jumapili tuna kikao cha tawi baada ya sala ya adhuhuri, ukumbi ule ule. Viongozi wameahidi kuja. Nitauliza mkataba wa kocha unasemaje akiondoka kabla ya muda, na msaidizi ana leseni ya daraja gani, maana tusije tukampa timu kisha tukaambiwa hastahili kusimama pale. Dereva, kama utakuwa umevuka mpaka, piga simu tukuwekee spika.

Mama, suala la chupa nitalisema mimi mwenyewe kabla ya jambo lingine lolote.

Beki Tatu, uliwahi kuniambia unaandika kwenye daftari kila mchezaji wa akiba anavyoingia. Naomba hesabu ya mechi hizi tisa, niisome mbele yao.

Beki Tatu, Kawempe

Nimehesabu mara mbili. Mechi tisa, nafasi 45. Ametumia 19. Kati ya hizo, 12 ni baada ya dakika ya 80. Yule kijana beki wa kulia amepasha misuli katika mechi saba, ameingia mbili, na dakika zake zote ukizijumlisha hazifiki kumi.