Succession msimu wa 4: mbona kifo cha Logan kiliwaliza hata waliomchukia?

Mchungulia_Tamthilia: Wakuu, naombeni uchambuzi. Misimu mitatu mizima ya Succession, tamthilia ya TV ya Marekani, mzee Logan Roy, tajiri wa vyombo vya habari, anawatesa wanawe, watazamaji tunamwombea afe. Sehemu ya 3 ya msimu wa 4 (Aprili 2023) akafa kweli, na watu wale wale wakalia. Na mzee mwenyewe karibu hatumwoni! Tulifanyiwa nini? Halafu ni kweli lile tukio la wanawe kumuaga kwa simu lilirekodiwa mkupuo mmoja bila kukata?

Bi Sebule: Kinacholiza ni simu yenyewe. Watoto wamo kwenye meli ya harusi ya Connor, mwanawe mkubwa, New York. Baba yuko angani, safari ya Sweden. Tom, mkwe wake, anamwekea mzee simu sikioni, hakuna ajuaye kama anasikia. Tungeonyeshwa akikata roho, tungejua kabla ya wanawe, tukabaki kuwasubiri tu. Hapa tunajua wanachojua wao, basi. Na sikiliza sentensi zinavyokatika: mwanawe Kendall anasema hawezi kumsamehe, hapo hapo anasema anampenda. Shiv, binti yake, sauti inarudi kuwa ya mtoto. Mwenye ndugu ughaibuni ataelewa, msiba wa simu hauna mkono wa kushika.

Kinyonga77: Ongeza Roman, mwanawe mwingine. Muda mfupi kabla, alimwachia baba ujumbe wa sauti wenye hasira kwa sababu alitumwa amfukuze kazi Gerri, mwanasheria mkuu wa kampuni. Ndiyo maana yeye ndiye anayegoma kabisa kukubali kwamba mzee amekufa. Mwandishi aliupanda ule ujumbe mapema makusudi. Pia waandishi wengi hukiweka kifo cha mzee mwishoni. Hapa zilibaki sehemu 7, hakuna aliyekuwa amejiandaa.

Fundi Kamera: Kuhusu mkupuo, ni nusu kweli. Walitumia mkanda wa filamu wa milimita 35, na kasha moja la mkanda linakwisha kwa kama dakika 10. Muongozaji Mark Mylod alitaka waigizaji waende karibu nusu saa bila kusimama, kwa hiyo kamera zilipeana zamu kubadilisha mkanda, makasha ya akiba yakiwa yamefichwa humo humo melini. Kilichorushwa kimekatwa na kuunganishwa. Faida yake ni kwamba mwigizaji hapoi. Ukipiga vipande vipande, kilio kinaanzishwa upya kila mara, na mtazamaji husikia kabisa kwamba kimekamuliwa. Mylod alipata tuzo ya Emmy ya uongozaji kwa sehemu hiyo, Jesse Armstrong ya uandishi.

Mama Kijacho: Nyie mnawalilia hao watatu. Mie wangu Connor. Harusi yake, meli yake, habari anapewa mwisho, na neno linalomtoka ni kwamba baba hata hakuwahi kumpenda. Wenzake angalau waliongea na sikio la baba. Yeye simu hakupewa.