Mnamjua, simtaji jina. Leo kanikatizia kidimbwi KATIKATI!!

Wakuu nina hasira hata chai haipiti. Yule yule, wa buti za mpira hadi kifuani, mnamjua.

Mto mnauona ulivyo mwisho huu wa kiangazi, maji yamebaki ya kuoshea vikombe, meupee unahesabu mchanga chini, samaki wetu trauti wote wamejazana kidimbwi kimoja pale chini ya maporomoko maana ndipo penye ubaridi na hewa. Nimefika alfajiri maji hayajapata moto, nikapanda kutokea chini kwa sababu samaki kaelekeza uso kule maji yanakotoka, nikatambaa. KUTAMBAA wakuu, tumbo chini, kivuli kisiguse maji. Lida (ule uzi wa mbele unaoshika ndoano) ndefu, mwisho wake mwembamba kama unywele, ndoano nimeivalisha sisimizi wa bandia. Kuna baba mmoja wa trauti anapanda juu anadokoa, anashuka, anapanda. Nainua fimbo ya kuvulia...

Huyooo. Chubwi chubwi chubwi, anakatiza katikati! Pembeni kuna njia pana inapita lori! Halafu anasimama hapo hapo maji magotini ananiuliza "vipi, wanakula?"

WANAKULA?? Samaki hadi wa mto wa jirani wamehama! Mawe yote chini yanalia, trauti anasikia mtikisiko kwa mwili mzima, kidimbwi kimekufa asubuhi yote. Katikati jamani. "Wanakula?"

MzeePanzi: Hahaha huyo namjua, kwangu alipita na kikohozi juu. Pole mkuu.

Kambare_Mkavu: Kwani mto una hati yako? Mtu mzima unatambaa kisa samaki wa kiganja, nunua sokoni.

DadaMshipi: Afadhali wako kapita tu. Wangu anakuja saa nane mchana maji digrii 22, anamvuta samaki wee mpaka analala ubavu, halafu anampakata apige picha. Maji ya moto hayashiki oksijeni, huyo ukimwachia anaenda kufa mbele! Vua alfajiri, ikifika 20 funga fimbo urudi nyumbani.

Mleta mada: Sawa dada lakini KATIKATI? Na njia ipo?

Themomita_Mfukoni: 20 mmechelewa, mimi 18 naondoka.

MzeePanzi: 18 unaondoka? Basi kiangazi chote uko kitandani.

Themomita_Mfukoni: Asubuhi 18 mchana itakuwa ngapi? Usiku maji hayapoi tena, samaki anaamka kachoka tayari. Nyie ndio mnamaliza mto.

Kambare_Mkavu: Mimi kero yangu wenye mbwa. Mbwa anaoga kidimbwini mwenyewe anachekelea.

DadaMshipi: Mbwa wa nani unamsema?

Kambare_Mkavu: Sijataja mtu.

DadaMshipi: Mbwa wangu anakaa ukingoni anatulia kuliko wewe na hayo mafimbo yako ya kugonga mawe!

Mleta mada: Jamani turudi kwenye mada, alisimama katikati akaniuliza "wanakula"

MzeePanzi: Mkuu subiri kwanza. Dada, yule mweusi mwenye masikio marefu si wako? Jumamosi kanilia mkate wote.