Steini kwenye baraza la mbao: vijiti 90 vya reli vinapakwaje bila kukesha?

Mkaazi_Kigamboni
Wakuu, nina baraza la nje la mbao za mtiki, mita 6 kwa 4, karibu na bahari. Reli iko pande tatu, jumla mita 14, na ina vijiti 90 vya sentimita 4 kwa 4, kimo sentimita 90. Lilipigwa vanishi miaka miwili iliyopita. Sasa inabanduka magamba, na kila msumari umezungukwa na doa jeusi. Fundi anataka kugusa na msasa kidogo kisha arudishie vanishi ileile. Mimi nawazia steini ya mafuta, ile rangi nyepesi inayozama ndani ya mbao. Ninunue lita ngapi, na hiyo reli tunaipakaje? Tuko wawili.

MsasaNamba80
Vanishi achana nayo, mkuu. Inakaa juu ya mbao kama ngozi. Mbao ya nje inatanuka ikinyeshewa na kunywea ikipigwa jua. Ngozi inapasuka, maji yanaingia chini yake na hayana pa kutokea. Hayo ndiyo magamba yako. Steini inazama ndani, kwa hiyo haina cha kubanduka, inapauka tu taratibu.

Ila vanishi lazima itoke yote, maana ilipobaki steini haipenyi na utapata mabaka. Sakafuni zamisha kwanza vichwa vya misumari, halafu mashine ya msasa namba 60, malizia na 80. Usiendelee hadi 150 ukidhani unapendezesha: unaziba vinyweleo, steini inabaki juu na inanata wiki nzima. Vijiti vipake dawa ya kuondoa rangi, kwangua na skrepa, suuza, vikikauka pitisha msasa wa mkono. Siku zinaliwa hapa, si kwenye kupaka.

Yale madoa meusi ni chuma cha misumari kukutana na tanini, kemikali ya asili iliyomo ndani ya mbao. Asidi ya oksaliki, gramu 100 kwa lita moja ya maji ya vuguvugu, kwenye ndoo ya plastiki, ukiwa na glavu na miwani. Paka, acha dakika 15, suuza kwa maji mengi. Usiikutanishe na jiki kabisa, inatoa gesi ya sumu. Na kama hutabadilisha misumari kuwa skrubu za chuma cha pua (kwa pwani chukua daraja la 316), weusi utarudi.

Futi_na_Kalamu
Hesabu ya reli watu huikosea. Kijiti kimoja kina pande nne: 0.16 × 0.9 = mita za mraba 0.144. Mara 90 ni 13. Ongeza ubao wa juu na wa chini, kama 7 hivi. Jumla 20, na sakafu yako ni 24! Kwa mbao iliyotoka kwenye msasa, mkono wa kwanza hesabu mita za mraba 7 kwa lita, wa pili kama 12. Inakuja lita 10 kasoro kidogo. Chukua makopo matatu ya lita 4 na uyachanganye yote kwenye ndoo moja kabla ya kuanza, kwani kopo na kopo rangi hupishana.

Brashi_Inchi4
Kwa vijiti, vaa glavu ya mpira, juu yake soksi nene kuukuu. Chovya, kamua, shika kijiti juu na ushuke nacho hadi chini. Pande zote nne zinapata mara moja. Mwenzako anafuata na brashi ya inchi 2 kufuta michirizi na kujaza pembe. Reli kwanza, sakafu mwisho, na sakafu itandikiwe nailoni.

Sakafuni paka mbao mbili au tatu tu kwa wakati, kutoka ncha hadi ncha bila kusimama katikati. Ukisimama, mpaka utaonekana. Ncha zilizokatwa zinywesheni mara mbili. Baada ya dakika 15 futa kila kilichobaki juu. Anzeni upande wa mbali mmalizie kwenye ngazi, msije mkajifungia konani.

Mkaazi_Kigamboni
Asanteni. Na lile bomba la kupulizia dawa shambani? Si litakuwa haraka zaidi?

Brashi_Inchi4
Kwenye sakafu sawa, mradi brashi ifuate nyuma. Kwenye reli nusu inapita katikati ya vijiti, na kwa upepo wa pwani itaishia ukutani kwa jirani.

MsasaNamba80
Nyongeza. Mtiki una mafuta yake, kwa hiyo siku ya kupaka ufute kwa kitambaa chenye thina. Dondosha maji juu ya ubao: yakisimama kama shanga, bado; yakinyweka, endelea. Anza umande ukishakauka, fuata kivuli, acha saa mbili tatu kabla ya jua kuzama. Masika ikishaingia subiri hadi Juni.

Rangi chagua yenye wekundu au kahawia kiasi. Isiyo na rangi haizuii jua, nyeusi sana inaunguza nyayo.

Futi_na_Kalamu
Ile soksi na vitambaa msivirundike stoo. Steini ya mafuta ikikauka inatoa joto, rundo linaweza kuwaka lenyewe. Vianikeni kimoja kimoja nje, au vilowekeni kwenye ndoo ya maji.