Mfugaji kagoma kuniuzia mtoto wa mbwa niliyemchagua, naombeni ushauri

Mkulima wa Msijute
Wakuu, habari za jioni. Naombeni mawazo yenu, maana jambo hili limenikaa moyoni tangu Jumamosi.

Nina shamba la mikorosho huku Msijute na stoo karibu na nyumba. Msimu uliopita niliibiwa magunia mawili usiku, nimelala ndani. Nikaamua nitafute mbwa wa mbegu, German Shepherd, nikaelekezwa kwa mama mmoja mfugaji hapo Mtwara mjini. Nikakuta watoto sita wa wiki saba, kila mmoja kavishwa uzi wa rangi yake shingoni, na mama ana daftari la kuandikia uzito wao.

Tukiwa tunaongea, akaangusha mfuniko wa sufuria sakafuni kwa makusudi. Wakatawanyika. Jike mmoja wa uzi mwekundu akarudi nyuma hatua mbili, akasimama, kisha akaja kuunusa ule mfuniko na kuukanyaga. Nikasema huyu ndiye wangu. Mama akajibu, "Huyo hauzwi, baba." Nikaongeza laki mbili juu ya bei, akakataa. Halafu akaanza kunihoji mimi: nani anashinda nyumbani? Utamfunga mnyororo? Uzio upo? Ukipata jike utampandisha na dume gani? Nikamjibu kwa ukali kwamba hela ni yangu. Akaniambia niende nikafikiri, nirudi wiki ijayo.

Nilijisikia nimedharauliwa. Mtu anafuga ili auze, halafu aliye bora anamficha? Niachane naye?

Fundi Ligula
Mkuu, kuwa macho. Wapo wanaosema "hauzwi" ili mteja apandishe dau. Ila huyo umemwongezea laki mbili na bado kakataa, kwa hiyo sidhani kama ndiyo shida yake. Mwombe umwone mama yao na kadi za chanjo. Akikuficha hivyo, ondoka.

Binti Nachingwea
Kaka Msijute, pole kwa wizi. Mimi nafuga huku Nachingwea, nilianza na jike mmoja tu, kwa hiyo ngoja nikueleze upande wetu.

Mkorosho wako unaozaa vizuri kila mwaka na kustahimili ugonjwa wa ubwiri unga, utaukata uuze kuni? Si ndio unaokata vikonyo vyake vya kubebesha miche? Basi uzi mwekundu ndiye mti mama wa huyo mfugaji. Jike hazai milele. Anayejali hampandishi joto la kwanza, yaani mara ya kwanza anapotaka dume, anasubiri afike kama miaka miwili, anampumzisha kati ya uzazi na uzazi, na akigonga miaka sita au saba anamstaafisha. Hapo amezaa mara tatu, nne labda. Asipobakiza binti anayemzidi mama yake, kazi ya miaka yote imeishia hapo, anaanza tena kutafuta mbegu kwa watu.

Maswali yale nayo yana sababu. Mwaka wangu wa pili nilimuuza jike bora kuliko wote niliowahi kupata, nilikuwa nimebanwa na ada ya mtoto. Aliyemnunua akampandisha ana miezi tisa, tena kwa dume waliyezaliwa tumbo moja. Walizaliwa wanane wakabaki wawili. Watu wakaanza kusema mbegu yangu mbovu. Yule jike nilimwona baadaye, mbavu zimetoka, mnyororo umemla shingo. Nililia. Tangu siku hiyo na mimi nauliza, na nisiporidhika siuzi.

Bwana Mifugo Mstaafu
Binti kasema kweli. Niongeze moja: wiki ya saba mtoto ni ahadi tu. Mbegu hii ina tatizo la nyonga linalorithiwa, kichwa cha mfupa wa paja hakikai sawasawa kwenye kikombe chake, na kwa macho huwezi kulijua utotoni. Ujerumani, ambako chama cha mbegu hii kilianzishwa mwaka 1899, eksirei rasmi ya nyonga haipigwi kabla mbwa hajatimiza mwaka. Meno nayo ni mpaka yabadilike ndipo uhesabu kama 42 yametimia. Ndiyo maana wafugaji makini hubakiza hata wawili na kuwakuza. Asiyefaa kuzalisha huuzwa akiwa mkubwa, na kwa ulinzi anaweza kuwa safi kabisa. Muulize mama kama ana mpango huo.

Mtanda Lindi
Mimi niliuziwa na mtu ambaye hakuniuliza hata jina. Wiki ya pili nyumbani, parvo, ule ugonjwa wa kutapika na kuharisha damu, akafa mikononi mwangu. Kadi ya chanjo haikuwepo. Ndugu yangu, rudi kwa huyo mama.

Mkulima wa Msijute
Nimewaelewa, asanteni sana. Kulikuwa na dume wa uzi wa kijani, alikimbilia nyuma ya ndoo lakini ndiye wa pili kurudi kwenye mfuniko. Anaweza kunifaa?

Binti Nachingwea
Anakufaa kuliko yule jike. Jike akiingia joto, kwa kawaida mara mbili kwa mwaka na karibu wiki tatu kila mara, madume wote wa kijiji watahamia kwako. Wewe unataka mlinzi, si mzazi. Dume aliyeshtuka akarudi mwenyewe, ukimlea vizuri, stoo yako ina mwenyewe.

Mkulima wa Msijute
Wakuu, nimerudi kwa mama leo. Nimemwomba radhi kwa ule ukali, akacheka, akafungua daftari ukurasa wa uzi wa kijani: siku ya kwanza gramu 480, juzi kilo 6.4. Hanipi mpaka atimize wiki nane. Akifika miezi mitatu nimpeleke chanjo ya kichaa cha mbwa, na tumeandikiana kwamba nikishindwa kumlea anarudi kwake, simuuzi kwa mtu. Banda anataka liwe na kivuli na sakafu ngumu ya kuoshwa, kuzuia kupe, na nimtumie picha kwanza. Fundi anakuja kesho kumwaga zege.