Waliowahi kuteguka au kuvunjika kifundo cha mguu tupeane uzoefu, mlirudije kwenye hali ya kawaida?

Mleta uzi
Habari wadau. Nimeleta huu uzi maana stori nyingi za kuteguka ni za siku ile ile ya kuumia, barafu, bandeji, magongo, halafu maumivu yakiisha na stori imeisha. Kwa niliyopitia mimi kazi inaanzia hapo. Niliteguka nikishuka ngazi, mguu ukalalia upande wa nje, pale chini ya mfupa unaochomoza pakavimba papo hapo. Eksrei ikatoka safi, mfupa mzima, ni ligamenti tu (zile nyuzi zinazoshikilia mfupa na mfupa) zimechanika. Baadae nikawa natembea fresh kabisa, siumwi, lakini nikikanyaga kijiwe au sehemu haiko sawa mguu unapinda tena.

Fizio (mtaalamu wa mazoezi ya tiba) ndo akanielewesha kwamba ligamenti ikichanika na zile neva zinazoupa ubongo taarifa mguu umekaaje nazo zinapata shida, kwa hiyo misuli inachelewa kushtuka. Akasema simama na mguu huo mmoja, fumba macho. Jamani kifundo kilikuwa kinatetemeka, vidole vinang'ang'ania sakafu, nikashika ukuta. Nikabadili mguu, nimetulia tuli. Yaani miguu yote haina maumivu ila mmoja haujui uko wapi! Nikawa nasimama hivyo kila nikipiga mswaki, kwanza macho wazi, halafu nimefumba, halafu juu ya mto. Haukupinda tena. Haya leteni na nyie.

#2
Mimi nilivunjika mfupa wa nje na wa ndani, nikawekewa pleti na skrubu. Mfupa unaanza kushika kama wiki ya 6 hivi ila usidhani ukitolewa plasta unanyanyuka unaondoka. Nilipotolewa nilikuta shavu la mguu limekwisha, ngozi inabanduka magamba, na kifundo hakikunji, kama kimegandishwa. Kilichonisaidia ni kipimo cha ukutani: weka mguu mbele ya ukuta, peleka goti mpaka liguse ukuta, kisigino kisinyanyuke, halafu angalia kidole gumba kiko mbali kiasi gani na ukuta. Linganisha na mguu mzima. Mwanzoni kidole kinagusa ukuta na goti bado halifiki, nilikuwa naweka alama chini kwa chaki, ikisogea hata kidogo nafurahi siku nzima. Kuvimba jioni msiogope sana, kunaweza kuendelea miezi mingi hata mfupa ukishaunga, ukilala ukainua mguu juu ya usawa wa moyo asubuhi umeshuka. Na kama unavuta sigara acha kipindi hicho, inachelewesha mfupa kuunga.

#3
Kwangu ilikuwa kano ya kisigino, ile ya Akilesi. Nilisikia pa! nikageuka nyuma kuangalia nani kanipiga teke, hakuna mtu. Hapo watu wengi wanadanganyika kwa sababu kidole na kifundo bado vinacheza, unaambiwa umebana msuli tu. Dokta alinilaza kifudifudi akaminya shavu la mguu, mguu usioumia unyayo ukasogea wenyewe, ule ulioumia kimya. Basi akajua imekatika. Kuna wanaopasuliwa na kuna wasiopasuliwa, mimi sikupasuliwa, nilivaa buti maalum lenye vipande vya kuinua kisigino, vinatolewa kimoja kimoja baada ya muda. Tafadhali sana usiivute kano mapema kwa kujinyoosha, ikiungia ikiwa ndefu unakosa nguvu ya kusukuma ukitembea. Ni safari ya karibu mwaka. Mimi kipimo changu kilikuwa kunyanyua kisigino kwa mguu mmoja bila kushika kitu, hapo ndo nikaamini.

#4
Poleni wote. Swali, nitajuaje niende kupiga eksrei au nibaki nyumbani na barafu?

Mleta uzi
@4 kuna utaratibu madaktari wa Ottawa kule Kanada waliutoa 1992 na unatumika sehemu nyingi. Kama huwezi kutembea hatua 4, au ukibonyeza mfupa wenyewe unauma (ukingo wa nyuma na ncha ya mifupa ile miwili ya pembeni, sentimita 6 za mwisho, au kitako cha mfupa wa kidole kidogo katikati ya ubavu wa mguu, au ule mfupa wa juu ya wayo upande wa ndani, mbele ya kifundo) nenda ukapigwe picha. Naongezea, ukiona damu imevilia chini ya unyayo usikae nalo, mifupa ya katikati ya wayo inaweza kuwa imeachana. Na siku za mwanzo usikubali mtu akuchue kwa nguvu, unaongeza damu na uvimbe.

#5
Hili watu hawaambiwi. Ukiwa umefungwa plasta na hutembei damu inaweza kuganda kwenye shavu la mguu. Mguu ukivimba ghafla, una joto, shavu linauma, au kifua kinabana na pumzi inakata, hospitali muda huo huo, usisubiri kesho. Ndugu yangu wa karibu aliokolewa kwa sababu mkewe aligoma kusubiri asubuhi.

#6
Magongo kwenye ngazi: kupanda tanguliza mguu mzima, kushuka tanguliza magongo na mguu mbovu. Ukibaki na gongo moja shika mkono wa upande wa mguu MZIMA, wengi wanashika upande wa kidonda na wanaendelea kuchechemea.

#4
Asanteni sana. Na mpira je, nirudi lini?

Mleta uzi
@4 usihesabu siku, ruka kwa mguu mmoja mbele na pembeni, kimbia ukikata kona, kama unaogopa kutua au huo mguu unaruka kifupi kuliko mwenzake bado. Ukirudi vaa kifunga kifundo miezi ya mwanzo, kinapunguza kuteguka tena. @3 ukishaanza kukimbia njoo utuambie asubuhi kisigino kinakuwaje, kuna watu humu wanasubiri hilo.